Daawa Isiyorudiwa: Mwenye Nyumba na Mpangaji Aliyetolewa, Kitengela na Kajiado

Swali ambalo wenye nyumba wa Kitengela huwapelekea mawakili wao, na ambalo wapangaji waliokwisha kutolewa huulizana kwa wasiwasi wakiwa wamehamia Mlolongo au Athi River, ni fupi kulisema na refu kulijibu: je, mtu aliyemtoa mpangaji wake nyumbani kwa amri ya mahakama, aweza kumrudia mpangaji yule yule baada ya miezi au miaka, akamshitaki upya kwa kodi iliyobaki, au kwa mlango uliovunjwa, au kwa bili ya maji iliyoachwa bila kulipwa? Jawabu la swali hili halikutungwa Kitengela wala Kajiado. Lilitungwa Bara Hindi na Uingereza, likashushwa bandarini Mombasa pamoja na rupia na mataruma ya reli, na lilipofika katika uwanda wa Kaputiei likawakuta wenyeji ambao wao wenyewe walikuwa wameondoshwa katika nchi yao, na ambao daawa yao ilikuwa imetupwa nje ya mahakama pasipo kupimwa haki yake. Historia ya kanuni hii na historia ya ardhi ile zimeingiliana kiasi ambacho sioni njia ya kuisimulia moja nikaiacha ya pili.

Uwanda huo, unaoanzia kingo za mto Mbagathi kusini ya Nairobi ukanyoosha kupitia Isinya hata Kajiado, ulikuwa malisho ya Wamasai tangu kale, na katika zama hizo hapakuwa na mwenye nyumba wala mpangaji, kwa kuwa nyumba ya Kimasai hujengwa na mwanamke kwa mikono yake, na ardhi haikuwa milki ya mtu mmoja hata aweze kuikodisha. Mambo yalianza kubadilika Agosti 1904, pale Sir Donald Stewart, Kamishna wa Himaya ya Afrika ya Mashariki, alipofanya mkataba na laiboni Olonana pamoja na wazee wenziwe, na kwa mkataba huo Wamasai wakaliacha Bonde la Ufa kwa ajili ya walowezi wa Kizungu, wakatengewa maskani mawili, la kwanza Laikipia upande wa kaskazini, na la pili kusini ya reli, ambamo Kitengela na Kajiado zimo, kwa ahadi kwamba mpango huo utadumu maadamu Wamasai wapo duniani. Haukudumu hata miaka minane. Mwaka 1911, Olonana akiwa amekwisha kufariki, serikali ya Gavana Sir Percy Girouard ilileta mkataba wa pili, uliowataka Wamasai wa Laikipia nao waondoke, wavuke na ng'ombe wao na kondoo wao wende kusini, na Laikipia yote ibaki mikononi mwa walowezi.

Wako waliokubali kwa hofu na wako waliokataa, na katika waliokataa mwisho wa mambo ni Parsaloi ole Gilisho, kiongozi wa Wamasai wa kaskazini, ambaye alama yake ilikuwa imetiwa katika mkataba ule wa pili lakini moyo wake haukuwamo. Badala ya mikuki, Wamasai wakachukua mawakili, jambo ambalo mpaka leo halijapewa heshima linayostahiki katika vitabu vya shule zetu. Na mwaka 1912 shauri likafunguliwa huko pwani, Mombasa, kwa jina la Ol le Njogo na wenziwe dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Himaya. Wadai walisema kwamba mkataba wa 1911 haukuwafunga, kwa kuwa waliotia alama hawakuwa na mamlaka ya kuitoa haki ya watu wote. Kwamba mkataba wa 1904 ungali hai. Na kwamba walistahiki kulipwa fidia kwa mifugo iliyopotea katika safari ya kuhamishwa. Mei 1913 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi wake. Haikusema kwamba Wamasai ni waongo, wala haikusema kwamba Laikipia si yao. Ilisema kwamba wao si raia wa Mfalme wa Uingereza, bali ni watu wa nchi ya kigeni iliyo chini ya himaya yake, kwamba mikataba ile ni maafikiano baina ya dola na dola, na kwamba mahakama ya kawaida haina mamlaka ya kuihukumu. Rufaa nayo ikatupwa Desemba mwaka ule ule, na wakati huo watu na mifugo walikuwa wamekwisha kuswagwa kusini.

Msomaji na alishike jambo hili, maana litatufaa mbele: mdai alitoka mahakamani mikono mitupu ilhali daawa yake haikupata kusikizwa.

Mahakama hiyo ya Mombasa ilikuwa ikitumia sheria gani? Kwa amri iliyotolewa na Malkia mwaka 1897, sheria kadhaa za Bara Hindi zilitangazwa kuwa sheria za Himaya, kwa sababu Waingereza walikuwa wamekwisha kuzitunga, kuzichapisha na kuzifanyia majaribio ng'ambo ya bahari, na hawakuona haja ya kutaabika mara ya pili. Hivyo mkataba wa muuza duka wa Kihindi wa Kajiado na mteja wake ulipimwa kwa Sheria ya Mikataba ya Bara Hindi ya mwaka 1872 hadi 1961, na ijara ya nyumba, notisi ya kuhama, na kufutwa kwa upangaji kwa sababu ya kutolipa, vikaongozwa na Sheria ya Uhamishaji wa Mali ya mwaka 1882, ambayo ilikaa vitabuni mwetu hadi mwaka 2012, zama za simu za mkononi, bila wapangaji walio wengi kuwa na habari kwamba nyumba zao zilitawaliwa na kitabu cha Kalkuta. Na utaratibu wa kuendesha mashauri ya madai uliandikwa katika sheria ya mwaka 1924, ambayo ndiyo Sura ya 21 tunayoitumia hata leo, nayo ni mtoto wa kitabu cha madai cha Bara Hindi cha mwaka 1908, aliyefanana na mamaye hata katika mpangilio wa maneno.

Katika kitabu hicho mama umo mfano mmoja ambao ningependa kila mwenye nyumba wa Kitengela ausomewe. Mtu mmoja amempangisha mwenziwe nyumba kwa kodi ya rupia 1,200 kwa mwaka. Mpangaji hakulipa kodi ya mwaka 1905, wala ya 1906, wala ya 1907. Mwaka 1908 mwenye nyumba akaenda mahakamani, lakini, kwa sababu anayoijua mwenyewe, akadai kodi ya mwaka 1906 peke yake. Sheria yasema kwamba mtu huyo amekwisha kujifungia mlango: hatasikizwa tena kwa kodi ya 1905 wala ya 1907, ingawa mpangaji hakuilipa, na ingawa pengine mpangaji mwenyewe akiri kwamba hakuilipa. Deni halikufa kwa kulipwa, limekufa kwa kugawanywa. Kanuni hii kwetu sisi imo katika Amri ya 3, kanuni ya 4, ya Kanuni za Madai za mwaka 2010, isemayo kwamba kila shauri lazima likusanye daawa yote ambayo mdai anayo kutokana na chanzo kile kile, na kwamba anayeacha sehemu yake, kwa kusahau au kwa kukusudia, hataidai baadaye. Na anayetaka kuiweka akiba nafuu fulani kwa siku nyingine, sharti aombe idhini ya hakimu mapema.

Pamoja na kanuni hiyo yatembea kifungu cha 7 cha Sura ya 21, kinachokataza mahakama kulisikiliza shauri ambalo jambo lake limekwisha kusikizwa na kukatwa baina ya watu wale wale, au warithi wa haki zao, na mahakama yenye uwezo wa kulikata. Maelezo yaliyoambatanishwa na kifungu hicho yanakwenda mbali zaidi ya vile msomaji wa kawaida angedhani. Yanasema kwamba jambo ambalo mdai angaliweza na angalipasa kulitaja katika shauri la kwanza, lahesabiwa kana kwamba lilitajwa. Na kwamba nafuu iliyoombwa, na hukumu ikanyamaza juu yake, yahesabiwa kuwa imekataliwa. Rai hii ilikwisha kutamkwa Uingereza mwaka 1843 na jaji Wigram katika shauri la Henderson na Henderson, ugomvi wa ukoo mmoja wa wafanya biashara wa Newfoundland, nchi ya baridi na samaki; na majaji wa Kenya wangali wakiutaja ugomvi ule wanapofunga faili la mpangaji, huku mashahidi wote wa kisa chenyewe wakiwa wamekwisha kuoza kaburini.

Wasomi wa pwani walikuwa na mapokeo mengine juu ya jambo hili, na si haki kuyapita kana kwamba sheria ilianza na Mwingereza. Katika waraka mashuhuri unaonasibishwa na Sayyidna Omar bin al-Khattab, aliomwandikia Abu Musa al-Ash'ari alipokuwa kadhi, kadhi aambiwa kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurejea katika haki leo ikimbainikia, kwa kuwa haki ni ya tangu na tangu. Mafakihi waliokuja baadaye waliweka mpaka, wakasema kwamba ijtihadi ya leo haiivunji ijtihadi ya jana katika shauri lile lile, bali huongoza mashauri yajayo, maana vinginevyo watu hawangepata kutulia na mali zao. Na mabingwa wa sheria wa dola ya Uthmaniya, walipoikusanya Majalla katika karne ya 19, wakaweka miaka 15 kuwa kikomo cha kusikizwa kwa daawa nyingi. Kwa hiyo makadhi na majaji walifika mahali pamoja kwa njia mbalimbali: Mwingereza alianza na kuchoka kwa mahakama, kadhi alianza na haki yenyewe, na wote wawili wakaona kwamba ugomvi usiokuwa na mwisho ni dhuluma ya aina yake.

Hata hivyo mahakama si mahali pekee ambapo ugomvi wa kodi umeamuliwa katika nchi zetu. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, Unguja, waliokuwa na nyumba zao wenyewe juu ya viwanja vya watu wengine, waligoma kuilipa kodi ya ardhi, na mashauri ya kuwaondoa yalipozidi, fitina ikawa kubwa kiasi cha kuilazimisha serikali kuiwekea kodi ile mipaka. Mombasa nako, mgomo wa makuli na wafanyakazi wengine wa mwaka 1939 ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ugomvi juu ya gharama ya chumba cha kulala, na matokeo yake yakawa posho ya nyumba. Vita vilipokuja na askari na vibarua wakajaa mijini, serikali ya Kenya ikatunga sheria ya mwaka 1940 ya kuzuia kodi zisipandishwe ovyo, ambayo ndiyo baba wa Sheria ya Kudhibiti Kodi ya mwaka 1959, Sura ya 296. Na baada ya uhuru, mwaka 1965, ikafuata Sura ya 301, ya kuwalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, wengi wao wakati huo wakiwa Waafrika walioanza biashara katika majumba ya Wahindi. Kila moja katika sheria hizo mbili iliunda baraza lake la kusikiliza ugomvi, na hapo ndipo lilipozaliwa tatizo jipya: mtu aliyetolewa nyumbani na baraza, je, aweza kushitakiwa tena mahakamani? Jawabu lategemea kama baraza lile lilikuwa na uwezo wa kuliamua jambo linalodaiwa sasa. Kama lilikuwa nao, na mwenye nyumba akanyamaza, basi ajilaumu mwenyewe.

Kajiado wakati huo ulikuwa mji mdogo wa boma, stesheni na maduka, juu ya tawi la reli litokalo Konza kwenda Magadi kuchukua magadi ya ziwani, na mashauri ya kodi hayakuwa mengi, kwa sababu hapakuwa na wapangaji wengi. Kitengela ulikuwa mdogo zaidi. Katika kumbukumbu za wazee ni soko la Noonkopir kando ya barabara ya Namanga, na ng'ombe wakipitishwa kuelekea kiwanda cha Tume ya Nyama huko Athi River. Ardhi ilikuwa ya jamii, ikatawaliwa kwanza kama hifadhi ya kabila na baadaye kama ardhi ya amana, hata ilipotungwa sheria ya mwaka 1968 iliyoanzisha ranchi za vikundi, ambamo jamaa za Kimasai waliandikishwa kwa pamoja kuwa wamiliki wa eneo moja chini ya wawakilishi waliowachagua. Kaputiei ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuupokea mpango huo, na Ranchi ya Kikundi ya Kitengela ikawa mojawapo.

Ranchi hiyo iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kila mwanachama akapewa shamba lake na hati yake, na katika historia yote ya mahali hapa sijui tukio jingine lililogeuza mambo kwa upesi namna ile. Mtu aliyelala mwanachama wa kikundi aliamka akiwa na mamia ya ekari anazoweza kuziuza, kuzikodisha au kuziweka rehani. Miaka michache tu baadaye, kwa sheria ya mwaka 1990, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje likafunguliwa Athi River, mlangoni pa Kitengela, na viwanda vya nguo vikaita maelfu ya wasichana na wavulana kutoka Ukambani, Nyanza, Magharibi na milimani, ambao mshahara wao haukutosha chumba cha Nairobi lakini ulitosha chumba cha mabati cha Kitengela. Waliofuata ni makarani na walimu waliotaka kujenga, wakinunua viwanja vya futi 50 kwa 100 vilivyokatwa katika mashamba ya Wamasai. Sensa ya mwaka 2009 iliukuta mji una watu 58,000 na ushei. Ya mwaka 2019 ikaukuta una zaidi ya 154,000. Mjini hapo, kutoka Noonkopir hadi Yukos na barabara ya kwenda Namanga, ghorofa za kupangisha zimesimama bega kwa bega, ilhali upande wa magharibi, karibu na Mbuga ya Nairobi, wako wafugaji ambao tangu mwaka 2000 walilipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua wala wasiuze, wanyama wapate kupita. Ijara ya ajabu, ambayo mpangaji wake ni nyumbu na punda milia, na ambaye hata akichelewa kulipa hakuna awezaye kumtilia kufuli.

Hilo la kufuli si mzaha kwa binadamu. Desturi iliyojijenga Kitengela, kama katika miji mingine inayokua haraka, ni kwamba mwenye nyumba aliyechoka kungoja hatafuti hakimu. Hutuma bawabu wake akafunge mlango kwa kufuli la pili, au akate maji na umeme, au, katika nyumba za mabati, ang'oe mlango wenyewe, mpangaji alale na upepo hadi aone haya akahama. Mwenye nyumba wa namna hii, akija baadaye kudai kodi yake mahakamani, hatazuiwa na kifungu cha 7, kwa sababu hapakuwa na shauri la kwanza. Lile litakuwa shauri lake la kwanza. Lakini atakutana na jambo jingine alilolisahau, nalo ni daawa ya mpangaji dhidi yake, ya vitu vilivyopotea, na ya kutolewa bila amri, na ya dipoziti isiyorudishwa, na mara nyingi hesabu ikifanywa mwenye nyumba huonekana ndiye mdaiwa. Nimeona watu wakistaajabu kwa hukumu za namna hiyo, na mimi hustaajabu kwa kustaajabu kwao.

Njia ya kati ilikuwa kukamata vyombo vya mpangaji na kuvipiga mnada. Nguvu hii ni ya kale sana katika sheria ya Kiingereza. Sheria ya mwaka 1709, zama za Malkia Anne, ilimruhusu mwenye nyumba kukamata mali hata baada ya upangaji kwisha, maadamu haijapita miezi sita na mpangaji angali amekaa humo. Na ile ya mwaka 1737 ikamruhusu kuifuata mali iliyohamishwa kwa siri na kuikamata popote ndani ya siku 30, dalili kwamba kuhama usiku na godoro kichwani hakukuanzia Kitengela. Kenya iliichukua desturi hiyo katika Sura ya 293, na kazi yake leo hufanywa na madalali wenye leseni. Uingereza wenyewe waliifuta mwezi Aprili 2014. Sisi tumebaki na kanzu ambayo fundi wake ameacha kuivaa.

Natuje sasa katika lile swali lenyewe. Mwenye nyumba aliyekwenda mahakamani, akaomba nyumba yake irudishwe, akapewa, hana budi kujua kwamba sheria ilimruhusu kuunganisha katika shauri lile lile malimbikizo ya kodi, malipo ya siku ambazo mpangaji alikaa baada ya haki yake kwisha, na fidia ya kuvunja mkataba, wala hakuhitaji kuomba idhini ya kufanya hivyo. Wako mawakili wasemao kwamba ruhusa si amri, na kwamba kudai nyumba ni jambo moja na kudai fedha ni jambo jingine. Hoja hiyo ina nguvu zake, lakini mwenye kuitegemea ameweka mali yake mahali pa hatari, kwa maana hakimu atamwuliza kwa nini aliyoyaweza siku ile hakuyafanya. Kodi iliyokuwa imekwisha kuiva siku ya shauri la kwanza, na haikutajwa, ndiyo iliyo hatarini zaidi. Kodi au hasara iliyotokea baada ya shauri lile ina chanzo chake chenyewe na yaweza kudaiwa: kwa mfano, mpangaji aliyengoja siku ya kutolewa ndipo akabomoa masinki na kung'oa nyaya, ametenda jambo jipya ambalo hukumu ya kumtoa haikuweza kulijua. Hali kadhalika shauri lililofutwa kwa kasoro ya utaratibu, au kwa kupelekwa penye mahakama isiyo na mamlaka, halihesabiwi kuwa limekatwa, na mdai aweza kulianza tena mahali panapostahiki.

Juu ya hayo yote umewekwa muda. Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, yampa mwenye nyumba miaka 6 kwa malimbikizo ya kodi, tangu siku kila kodi ilipopaswa kulipwa, na muda ule ule wa miaka 6 kwa daawa itokanayo na mkataba. Lakini uharibifu unaodaiwa nje ya mkataba una miaka 3 tu. Na yule aliyekwisha kupata hukumu ya fedha hana haja ya kushitaki tena hata kidogo. Hukumu yake ina uhai wa miaka 12, na kazi iliyobaki ni kuikaza: kumtafuta mdaiwa, kumwita aeleze kwa nini asilipe, kukamata mali yake au sehemu ya mshahara wake. Wenye nyumba wengi husema watamshitaki tena mpangaji, kumbe hukumu yao inalala kabatini, haijakazwa, na inazeeka.

Sasa turejee kwa Wamasai. Ikiwa shauri lililotupwa kwa kukosa mamlaka halihesabiwi kuwa limekatwa, basi daawa ya Ol le Njogo haikukatwa mwaka 1913, na wenyewe hawakuacha kuirudia. Waliipeleka mbele ya Tume ya Ardhi ya Sir Morris Carter katika miaka ya 1930. Wajumbe wao wakaitaja tena London mwaka 1962, katika mkutano wa Lancaster House. Na Agosti 2004, miaka mia kamili tangu mkataba wa Olonana, wakaandamana mijini na wengine wakaingiza mifugo katika mashamba ya Laikipia, wakiamini kwamba ardhi ile ilikuwa imekodishwa kwa muda na muda umekwisha. Serikali ikawakatalia. Kwa lugha ya Kitengela, yule alikuwa mwenye nyumba aliyekuja kumdai mpangaji baada ya karne, na kuambiwa kwamba yeye hakuwa mwenye nyumba kamwe.

Lililofuata ni geni katika sheria zetu. Mwaka 2016 Bunge liliirekebisha Sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi, likafungua njia ya kusikilizwa dhuluma za kihistoria za ardhi zilizotendeka baina ya 15 Juni 1895, siku Himaya ilipotangazwa, na 27 Agosti 2010, siku Katiba mpya ilipoanza. Na katika sababu za kuikubali daawa likaandika, kwa jina lake, kwamba daawa hiyo imezuiwa mahakamani na kifungu cha 7 cha Sura ya 21, au na Sheria ya Ukomo. Kifungu kile kile kinachomrudisha nyumbani mwenye nyumba wa Noonkopir ajaye na daawa ya pili, kiliambiwa kikae kando kwa ajili ya waliohamishwa. Naiona hii kuwa insafu, kwa sababu kanuni ya kutokushitaki mara mbili ina heshima pale tu ambapo mara ya kwanza ilikuwa kusikilizwa kweli, na mwaka 1913 haikuwa. Lakini mlango huo nao uliwekewa muda wa miaka 5, ukafungwa mwaka 2021.

Kwa wenye nyumba na wapangaji, mambo yangali yakingoja. Ulinzi wa Sura ya 296 hufika tu kwa nyumba ambazo kodi yake halali haipiti shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho nyumba nyingi za Kitengela zimekwisha kukipita, hata wapangaji walio wengi wako nje ya sheria iliyotungwa kwa ajili yao. Mswada wa mwaka 2021, uliokusudia kuziunganisha Sura za 293, 296 na 301 kuwa sheria moja, ulikwama na Bunge lile likamaliza muda wake. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwezi Aprili 2021 na ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, imekatazwa kushika ugomvi wa milki ya ardhi, kwa hiyo atakaye kumtoa mtu nyumbani na kumdai fedha kwa pamoja aangalie vizuri anagonga mlango upi kabla ya kugonga.

Mwenye nyumba anayekusudia kwenda mahakamani Kajiado na aandike katika hati yake ya kwanza kila shilingi anayoidai, na kila mlango, na kila mwezi. Na mpangaji aliyetolewa leo aziweke risiti zake za kodi, na nakala ya mkataba wake, kwa muda usiopungua miaka sita.